Kukabiliana na mafisadi na vigogo kwa amani: anza na karatasi moja

Ukisema "hawa wote ni wezi", hakuna kigogo atakayekosa usingizi. Kauli hiyo haina tarehe, haina kiasi, haina saini ya mtu, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuijibu. Muulize mhandisi mmoja, kwa maandishi na mbele ya watu, kwa nini alisaini malipo ya awamu ya pili ya mfereji wiki tatu kabla mkandarasi hajafikisha mchanga, na siku hiyohiyo kuna mtu ataanza kutafuta wakili.

Mwongozo huu ni wa raia asiye na cheo, asiye na fedha za kampeni, asiye na ndugu serikalini, na asiyetaka kurusha jiwe. Hautakufundisha kung'oa mfumo mzima kwa wiki moja. Utakuonyesha namna ya kuubana pale unapobanika, kisha kusogea pengine. Hatua zimepangwa kwa mfuatano, ila hatua ya 6 isome kabla hujagusa chochote.

Hatua ya 1: Tofautisha wizi na dola iliyotekwa

Rushwa ni kosa la jinai. Ofisa akidai mlungula, au alama za wazabuni zikichakachuliwa ili tenda iangukie kampuni ya shemeji wa waziri, sheria imevunjwa na kuna chombo chenye wajibu wa kuchunguza.

Utawala wa matajiri wachache, yaani dola iliyotekwa, ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi wanapotea njia. Chukua tajiri anayemiliki kituo cha televisheni na magazeti mawili. Anachangia chama tawala, anachangia na upinzani, ili atakayeshinda yeyote awe na deni kwake. Waziri akistaafu anampa kiti kwenye bodi ya benki yake. Mawakili wake ndio wanaoandika rasimu ya kodi ya sekta yake, maana wizara haina wataalamu. Kagua kipande kimoja kimoja na huenda usikute kosa hata moja. Ukienda polisi utarudi mikono mitupu, na yeye ataitumia barua ya polisi kuonyesha kwamba ni msafi.

Jiulize basi: ninacholalamikia kimevunja sheria, au sheria yenyewe ndivyo ilivyotungwa? Ikiwa ni la kwanza, unadai uchunguzi, mashtaka na fedha zirudi. Ikiwa ni la pili, unadai kanuni zibadilike: ukomo wa michango ya kampeni, majina ya wachangiaji yatangazwe kabla ya siku ya kura, viongozi wataje mali na maslahi yao, na kiongozi mstaafu akae miaka kadhaa kabla ya kuajiriwa na kampuni aliyokuwa akiisimamia.

Kanuni za namna hii huwezekana hata pale bunge lisipozipenda. Katiba ya Brazil inawaruhusu raia kupeleka muswada bungeni wakikusanya saini za asilimia 1 ya wapigakura. Makundi ya kiraia yakazunguka na karatasi mpaka yakapata saini zaidi ya milioni 1.3, na Juni 2010 ikapita sheria ya Ficha Limpa (yaani "rekodi safi"), inayomzuia mtu kugombea kwa miaka 8 akishatiwa hatiani na jopo la majaji kwa makosa kama rushwa. Baadhi ya wabunge walioipigia kura ya ndiyo walikuwa na kesi zao wenyewe. Lakini uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba mwaka huohuo, na waliosaini walikuwa wapigakura wa majimbo yao.

Hatua ya 2: Chagua jambo dogo lenye nyaraka

Jambo zuri la kuanzia linagusa watu wengi moja kwa moja, lina nyaraka mahali fulani, lina mtu mwenye jina na cheo aliyeliamua, na mtu anaweza kulielewa hata akiwa anasikiliza huku mikono yake inafanya kazi nyingine. Dawa zilizolipiwa zisifike zahanati. Ruzuku ya shule. Kisima kilichozinduliwa kwa mbwembwe na hakijatoa maji. Watumishi hewa. Mikopo ya nje na mikataba ya madini iache kwanza. Huko ndiko kwenye fedha nyingi zaidi, sikatai, ila huko pia ndiko waliko mawakili wao wazuri zaidi, na kundi changa likianzia huko huchoka kabla halijaona tunda lolote.

Tazama Uganda. Serikali kuu ilikuwa ikituma ruzuku kwa ajili ya kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Utafiti uliofuatilia fedha hizo kwa miaka ya 1991 hadi 1995 ulikuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku isiyo ya mishahara iliyofika shuleni. Nyingine ziliishia njiani, hasa wilayani. Ndipo serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi inachotuma, na shule zikatakiwa kubandika ubaoni kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 fedha zilizofika zilikuwa zimevuka asilimia 80. Wachumi bado wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti na kiasi gani kilitokana na mageuzi mengine ya wakati huohuo, na wana haki ya kubishana. Angalia tu mzazi alichokipata: namba mbili za kulinganisha. Gazeti linasema zimetumwa, mwalimu mkuu anasema hazijafika. Mmoja wao ana la kueleza.

Hatua ya 3: Omba nyaraka kwa barua isiyokwepeka

Sweden ilitunga sheria ya raia kusoma nyaraka za serikali mwaka 1766. Leo nchi zaidi ya 120 zina sheria ya haki ya kupata taarifa. Kama nchi yako inayo, tafuta mambo matatu ndani yake: ofisa gani anapokea maombi, ana siku ngapi za kujibu, na ukinyimwa unakata rufaa wapi.

Maombi mengi hufa kwa sababu yanaomba "taarifa zote kuhusu mradi". Ofisa anajibu kwamba ombi halieleweki, na kisheria ana hoja. Andika hivi:

"Ninaomba nakala za nyaraka zifuatazo kuhusu mkataba namba ……… wa ujenzi wa ………, mwaka wa fedha ………: (1) mkataba uliosainiwa, pamoja na mchanganuo wa vipimo na bei; (2) taarifa ya tathmini ya zabuni, ikionyesha alama za kila mzabuni; (3) hati zote za malipo, zikiwa na tarehe na vyeo vya waliozisaini; (4) cheti cha makabidhiano ya kazi. Endapo sehemu yoyote ya nyaraka hizi haitatolewa, ninaomba nitajiwe kifungu cha sheria kinachozuia, na nipewe sehemu iliyobaki."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Anayetaka kukunyima analazimika kuandika sababu juu ya saini yake, na maofisa wengi hawapendi kuacha alama hiyo. Peleka nakala mbili za barua, moja igongwe muhuri wa mapokezi, urudi nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa rejesta ya posta na utunze risiti. Fungua daftari: tarehe, uliongea na nani, alisema nini. Sheria nyingi hazikulazimishi kueleza unazitakia nini nyaraka hizo, kwa hiyo usijieleze. Na kama mko kumi, andikeni barua kumi, kila mmoja akiomba kipande chake. Akitishwa mmoja, zinabaki tisa.

Nchi yako haina sheria hiyo? Bado kuna mahali pa kuchimba: matangazo ya tenda, kumbukumbu za mijadala ya bunge, majalada ya kesi za madai, rejesta ya makampuni. Benki ya Dunia huchapisha mikataba iliyotolewa kwenye miradi inayoifadhili, na pia orodha ya makampuni iliyoyafungia. Ila hazina inayodharauliwa kuliko zote ni ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu. Inatoka, inasomwa vichwa vya habari kwa siku mbili, inasahaulika. Ruka utangulizi na hotuba zake. Tafuta maneno kama "malipo yasiyo na viambatisho", "bila kushindanishwa", "haikuonekana wakati wa ukaguzi". Nyuma ya kila neno la namna hiyo kuna ofisi, mwaka na kiasi. Mkaguzi amekwishakufanyia nusu ya kazi na analipwa kwa kodi yako.

Mkipata nguvu ya kudai kanuni, daini ile ya Slovakia. Tangu 2011 mkataba wa taasisi ya umma hauanzi kutumika mpaka uwe umechapishwa mtandaoni. Hapo mzigo unahama: raia haombi tena, wao ndio wanaoharakisha kuchapisha ili mkandarasi alipwe.

Hatua ya 4: Linganisha karatasi na uwanja

Hapa kazi inakuwa tamu. Katika jimbo la Rajasthan, India, chama cha wakulima na vibarua kiitwacho MKSS kilipata orodha za mahudhurio ya vibarua wa miradi ya umma. Hawakukaa kuandika ripoti. Desemba 1994 walianza mikutano ya hadhara vijijini, wakasoma orodha kwa sauti, jina baada ya jina: fulani, siku kadhaa, kalipwa kiasi hiki. Watu wakaanza kuinuka. Huyu anasema hajawahi kukanyaga mradi huo. Yule anasema aliyetajwa ni marehemu. Mwingine alikwishahama. Kukatajwa majengo yaliyolipiwa ambayo hakuna mwanakijiji aliyewahi kuyaona. Orodha ile, iliyokuwa imefungwa kabatini kwa miaka, iligeuka ushahidi kwa kusomwa tu mbele ya watu waliotajwa ndani yake.

Maofisa wakajifunza haraka na kukataa kutoa nakala. Mwaka 1996 wanachama wakakaa mjini Beawar kwa siku 40 wakidai ruhusa ya kunakili nyaraka, kwa kaulimbiu ya "pesa yetu, hesabu yetu". Rajasthan ikapata sheria ya taarifa mwaka 2000, na India nzima mwaka 2005. Sheria ya taifa kubwa hivyo ilianzia kwenye ugomvi wa orodha za vibarua.

Namna ya kufanya kwenu: chukua mchanganuo wa vipimo na bei, nenda na futi ya kamba. Wawili wapime, wa tatu aandike, wa nne apige picha ambamo futi inaonekana pamoja na kitu kisichohamishika, kama nguzo au kona ya jengo. Tuseme mkataba unataka mita 400 za mfereji wa zege wenye unene wa sentimita 15, nanyi mmepata mita 260 zenye unene wa sentimita 9. Andikeni: "Tulipima tarehe fulani tukapata mita 260." Msiandike: "Wameiba mita 140." Huenda kuna marekebisho ya mkataba ambayo hamjayaona. Wapelekeeni ofisa na mkandarasi vipimo hivyo, muwape siku 14 za kujibu, ndipo mtangaze. Wakileta maelezo ya kweli mmenusurika aibu. Wakinyamaza, ukimya wao unaingia kwenye taarifa, pamoja na tarehe ya barua iliyogongwa muhuri.

Unaweza kuona nidhamu hii ya lugha ni woga. Mimi naiona ndiyo ngao yenyewe. Matajiri hufungua kesi za kashfa wakijua watashindwa, ilimradi wakumalizie fedha na muda mahakamani. Sentensi yenye kipimo na tarehe inamchosha wakili wao. Sentensi yenye tusi inampa kazi ya mwaka mzima.

Hatua ya 5: Fuata mwenye kampuni

Kampuni za mfukoni zina dalili zake. Imesajiliwa miezi michache kabla ya tenda. Anwani yake ni ofisi ya wakili yenye makampuni mengine mengi. Wakurugenzi walewale wanajirudia kwenye makampuni matatu yaliyojifanya kushindana. Anza na rejesta ya nchi yako, kisha pita kwenye hifadhidata ya bure ya muungano wa waandishi wa habari za uchunguzi, ICIJ, ambao mwaka 2016 walichapisha habari zilizotokana na nyaraka milioni 11.5 zilizovuja kutoka kampuni ya mawakili ya Panama. Waziri Mkuu wa Iceland aliachia ngazi siku chache tu baadaye. Mtandao mwingine wa waandishi wa habari za uchunguzi, OCCRP, nao una hifadhidata iitwayo Aleph. Kumbuka kwamba kumiliki kampuni nje ya nchi si kosa kwa yenyewe. Swali lako ni kama aliitaja kwenye tamko lake la mali, na kama iliwahi kufanya biashara na ofisi anayoiongoza.

Hatua ya 6: Linda mtoa taarifa, ujilinde na wewe

Agosti 2021, nchini Afrika Kusini, mtumishi wa idara ya afya ya mkoa wa Gauteng aliyekuwa ametilia shaka malipo ya hospitali moja alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Lieleze jambo hilo kwa kila anayekuja kwako na bahasha ya nyaraka, kabla hajaifungua. Usimsukume. Uamuzi ni wake, na ana familia.

Usitegemee sana sheria ya kimataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, unaozifunga nchi zaidi ya 180, unazitaka katika kifungu cha 13 zishirikishe jamii katika mapambano haya. Lakini ukifika kifungu cha 33, kinachohusu ulinzi wa wanaotoa taarifa, nchi zinatakiwa kufikiria tu kuuweka. Baadhi zimefikiria mpaka leo.

Kwa hiyo ulinzi ni kazi ya mikono. Anayetoa taarifa asitumie simu, kompyuta wala mashine ya kuchapa ya ofisini. Mashine nyingi za rangi huacha kwenye karatasi nukta ndogo za manjano zisizoonekana kwa macho, zinazoweza kuonyesha ni mashine ipi iliyochapa na lini. Picha ya simu hubeba saa na mahali. Faili hubeba jina la aliyelihariri mwisho. Nyaraka ikiwa imepita mikononi mwa watu watatu tu, usiichapishe kama ilivyo, kwa maana mtu wako ni mmoja kati ya watatu hao. Itumie kujua uulize nini, kisha iombe rasmi kwa njia ya hatua ya 3. Mawasiliano yapite kwenye programu kama Signal, ujumbe ujifute. Tafuta ushauri wa sheria kabla ya kuchapisha. Barani Afrika kuna jukwaa la kuwalinda watoa taarifa, PPLAAF, lililoanzishwa mwaka 2017 kwa kazi hii hasa.

Na jambo moja ambalo miongozo mingi hailisemi. Mkianza kusikika, kigogo mwingine, hasimu wa yule mnayemchunguza, atakuja na nyaraka mkono huu na fedha mkono mwingine. Pokea nyaraka, uzihakiki kama unavyohakiki nyingine zote. Fedha zirudishe siku hiyohiyo, mbele ya shahidi. Chapisha mapato na matumizi ya kundi lenu hata kama ni nauli na karatasi tu. Hakuna silaha wanayoipenda kama swali la "nani anawalipa?"

Hatua ya 7: Chora nguzo zinazombeba

Kigogo hafanyi kitu peke yake. Anahitaji mhasibu wa kupitisha hundi, benki ya kuhamisha fedha, kampuni ya ukaguzi ya kutia saini, mhariri wa kuzima habari, machawa wa kumsifu mitandaoni, diwani wa kukaa kimya. Kila mmoja anamtii kwa sababu yake: mshahara, woga, undugu, mazoea. Andikeni majina hayo kwenye karatasi kubwa, na mbele ya kila moja muandike anaogopa kupoteza nini na nani anayeweza kumfikia. Mkaguzi binafsi anaogopa bodi inayompa leseni. Benki inaogopa benki za nje inazoshirikiana nazo. Mhariri anaogopa waandishi wake wakigoma.

Kisa cha familia ya Gupta, wafanyabiashara waliotuhumiwa kuutumia urafiki wao na Rais Jacob Zuma wa Afrika Kusini kupata tenda na kuingilia uteuzi wa mawaziri, kinaonyesha nguzo zinavyoanguka. Mwaka 2016 benki 4 kubwa za Afrika Kusini zilikataa kuendelea na akaunti za makampuni ya familia hiyo. Novemba mwaka huo ikatoka taarifa ya Mlinzi wa Umma, Thuli Madonsela, kuhusu kutekwa kwa dola. Mwaka 2017 barua pepe za familia zikavujia kwa waandishi wa habari. Septemba 2017 kampuni ya uhusiano wa umma ya Uingereza, Bell Pottinger, ilifukuzwa na chama cha wenye taaluma yake kwa kampeni ya kuchochea mgawanyiko wa rangi iliyoifanya kwa niaba ya familia hiyo. Wateja wakaikimbia, ikafa mwezi huohuo. Kilichoanzisha ni malalamiko ya chama cha upinzani kwenye chombo cha taaluma, barua ambayo kundi lolote lingeweza kuiandika. Mwezi huohuo wakuu wa kampuni ya ukaguzi ya KPMG nchini Afrika Kusini walijiuzulu kwa sababu ya kazi kampuni hiyo ilizoifanyia familia ya Gupta. Februari 2018 Zuma akaondoka madarakani. Hakuna pigo moja lililomwangusha. Ni wabebaji waliotua mzigo mmoja mmoja.

Hatua ya 8: Ingieni barabarani mkiwa na dai moja

Maandamano yaje sasa, mkiwa na ushahidi na mnajua mnamlenga nani. Mkianza nayo, mtaulizwa mnataka nini na kila kipaza sauti kitapata jibu lake.

Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichambua kampeni 323 za miaka ya 1900 hadi 2006, za kung'oa tawala au kumaliza ukaliaji wa nchi kwa mabavu. Zilizotumia njia za amani zilifanikiwa kwa asilimia 53, zilizotumia silaha kwa asilimia 26. Sababu kubwa ni kwamba bibi, mlemavu, mwanafunzi na karani wanaweza kujiunga na jambo la amani, na askari aliye mbele yao ana ndugu ndani ya umati. Ukishika jiwe, umemrahisishia kamanda uamuzi wake.

Anzeni na kitendo ambacho mwoga anaweza kukifanya akiwa nyumbani. Nchini Uturuki, Novemba 1996, ajali ya gari karibu na mji wa Susurluk ilifichua kwamba ofisa wa ngazi ya juu wa polisi, mbunge na muuaji aliyekuwa akisakwa walikuwa wakisafiri pamoja. Kuanzia 1 Februari 1997 wananchi waliombwa jambo moja: kila siku saa 3 usiku, zima taa kwa dakika moja. Baadaye watu wakaanza kupiga masufuria madirishani. Hakuna polisi anayeweza kumkamata mtu kwa kuzima taa yake, na kila aliyezima aliweza kuchungulia nje na kuhesabu majirani walio pamoja naye.

Mkitoka, tokeni kwa ratiba. Wakorea Kusini walikutana na mishumaa kila Jumamosi tangu mwisho wa Oktoba 2016, na dai lilikuwa moja: Rais Park Geun-hye aondoke. Bunge likamshtaki tarehe 9 Desemba kwa kura 234 dhidi ya 56. Mahakama ya Katiba ikamwondoa 10 Machi 2017. Jumamosi ina faida ya kumruhusu mfanyakazi aje bila kupoteza kibarua.

Mambo ya siku yenyewe: toeni taarifa kwa mamlaka kwa maandishi na mtunze nakala iliyogongwa muhuri. Wekeni waangalizi wenye vizibao vya rangi moja, mmoja kwa kila watu hamsini hivi. Namba ya wakili iandikwe kwa kalamu mkononi, kwa maana simu huchukuliwa. Kubalianeni mapema ishara ya kuketi: akitokea wa kurusha mawe, awe mhuni au mtu aliyepandikizwa, wote mnaketi chini, na yeye anabaki amesimama peke yake mbele ya kamera. Na mpange saa ya kumaliza. Vurugu nyingi huanza jioni, wazee na wenye watoto wakishaondoka.

Hatua ya 9: Susieni, mkichagua bidhaa kwa akili

Aprili 2018 Wamorocco walisusia bidhaa za makampuni matatu kwa mpigo: maji ya Sidi Ali, maziwa ya Centrale Danone, na vituo vya mafuta vya Afriquia, vinavyomilikiwa na Aziz Akhannouch, aliyekuwa pia waziri. Hakukuwa na maandamano ya kuvunjwa wala kiongozi wa kukamatwa. Danone ilipata hasara kubwa, mkuu wake akafika mwenyewe nchini humo, na mwishowe bei ya maziwa ikashuka. Akhannouch? Mwaka 2021 alikuwa Waziri Mkuu. Maziwa yana mbadala kwenye rafu ileile. Lakini petroli ya kituo cha jirani bei yake karibu ni ileile, kwa hiyo kuhama hakumpi mteja nafuu. Mgomo wa wanunuzi unauma mahali mteja anapoweza kuhama bila kuumia yeye. Wekeni pia sharti la kuumaliza, lililo wazi, ili kampuni ijue inatakiwa kufanya nini.

Hatua ya 10: Mkishinda, msiende kulala

Guatemala iliandamana kila Jumamosi mwaka 2015 baada ya waendesha mashtaka, wakisaidiwa na CICIG, tume ya kupambana na kutoadhibiwa kwa wahalifu iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa, kufichua mtandao wa wizi wa ushuru wa forodha. Makamu wa Rais, Roxana Baldetti, alijiuzulu Mei. Rais Otto Pérez Molina akafuata mwanzoni mwa Septemba. Watu wakacheza mitaani. Mwaka 2018 Rais Jimmy Morales akakataa kuongeza muda wa tume hiyo, ikafungasha virago mwaka 2019, na waendesha mashtaka na majaji waliofanya kazi nayo wakaanza kukimbilia uhamishoni. Wale matajiri wachache walikuwa wamepoteza rais mmoja tu. Mahakama, bunge na fedha za kampeni vilibaki mikononi mwao.

Ila baadhi ya waliokutana uwanjani mwaka 2015 waliendelea kukutana, wakaunda chama cha Semilla, na mgombea wao Bernardo Arévalo akashinda urais mwaka 2023. Ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu ilipojaribu kuuvuruga ushindi huo, viongozi wa jamii za wenyeji asilia waliitisha mgomo wa taifa kuanzia Oktoba 2, barabara zikafungwa kwa wiki kadhaa bila bunduki, na Arévalo akaapishwa Januari 2024.

Kwa hiyo siku kiongozi anapojiuzulu au fedha zinaporudishwa, fanyeni kikao kabla ya sherehe. Gaweni kazi tatu: nani atafuatilia kesi mahakamani kila inapotajwa, mpaka hukumu, nani atasoma bajeti ijayo kuona kama fungu lilelile limerudi kwa jina jipya, nani ataandika kanuni mnayotaka ipitishwe wakati wanasiasa bado wana hofu, kwa maana hofu yao haidumu. Jalada lote, daftari la barua pamoja na picha na vipimo, linakiliwe mara tatu na kuwekwa kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, na kila mwaka mtu mpya afundishwe kulisoma.